Kimya Maana Yake Barabara Nzuri

Kaka yangu Ludovick alikuwa mtu wa kutoomba kitu. Ukimkuta na njaa atakwambia ameshiba, ukimkuta anaumwa atakwambia kachoka kidogo tu, na ukimbana sana anacheka, anatoka nje kukagua baiskeli yake. Watu wa Mkonze walimsifia kwa hilo. Ludovick mvumilivu, Ludovick hana makuu, Ludovick hasumbui mtu. Mimi sikumsifia hata siku moja. Mimi ni mama lishe, napikia mafundi wa Kizota, na kazi yangu ni kumuuliza mtu anataka nini. Mtu anayejibu "chochote" ananiudhi kuliko yule anayelalamika kwamba mchele una mawe. Wa mawe nitamchambulia. Wa chochote nimfanyeje?

Nianze mwanzo, maana wengi wanalisimulia jambo hili miguu juu kichwa chini. Sisi ni Wasandawe wa upande wa Farkwa, wilaya ya Chemba. Wazazi wetu walitangulia mapema, tukabaki watatu: Ludovick mkubwa, mimi Penina wa katikati, na Thobias kitinda mimba. Thobias aliugua surua kabla hajaanza shule, na surua ikaondoka na macho yake. Ludovick akatuleta Dodoma mjini, akatafuta chumba Mkonze, akaanza kubeba mkaa kwa baiskeli kutoka porini, miaka nenda miaka rudi. Thobias alipokua akajifunza kusuka viti vya kamba za plastiki, akawa fundi anayetafutwa. Lakini nje ya kibaraza chake hakwenda popote bila mkono wa Ludovick. Kanisani mkono, sokoni mkono, kwa kinyozi mkono.

Ludovick mwenyewe hakuoa. Wanawake walikuwepo, msidhani. Mmoja namjua, alingoja mpaka akachoka, akaolewa Manyoni. Ukimuuliza kaka, "Sasa wewe lini?" jibu lake lilikuwa lile lile: "Thobias kwanza. Thobias akipata mji wake, na mimi nitakaa chini nifikirie." Ndiyo maana Debora alipotokea, nyumba nzima tulibana pumzi.

Debora alikuwa anafanya kazi za ndani Ipagala, kwa mtumishi mmoja wa serikali. Alitumwa kuleta kiti kisukwe upya, akakaa kungoja, wakaongea. Siku chache baadaye akarudi na kiti kingine. Thobias akakipapasa pande zote, akasema, "Hiki mbona kizima?" Debora akasema, "Najua." Basi, mambo yakawa yamekwisha hapo hapo. Na msichana mwenyewe Msandawe kama sisi, kwao ni mbele ya Farkwa. Tukaona Mungu ametukumbuka.

Mara ya kwanza tulikwenda kwao kwa basi, mimi, Ludovick na Thobias. Baba yake, mzee Nikolaus, alitupokea vizuri. Shikamoo zetu akaziitikia, kuku akachinjwa, tukala, tukaeleza kilichotuleta. Mzee akachokonoa meno kwa muda, kisha akasema, wala hakuwa na hasira, "Kijana sina neno naye. Ila mimi nimemwona ameshushwa kwenye basi, ameshikwa mkono, ameketishwa, ametengewa chakula. Ameletwa. Gunia ndilo linaloletwa. Mkwe anakuja. Siku akija, nitaita ukoo tukae tuzungumze."

Tukapanda basi kurudi. Mimi nilisema kwa niaba ya wote, nilisema mpaka kondakta akaniomba nipumzike kidogo, mama, abiria wanataka kulala. Kama hataki si aseme hataki? Kipofu atakujaje peke yake kutoka Dodoma hadi kule porini? Debora alipopata habari alilia, akatuambia baba yake akishasema neno harudi nyuma, na yeye hataweza kuolewa bila baraka za baba yake. Kwangu mimi habari iliishia pale.

Ludovick alikaa siku kadhaa anakwenda na kurudi na mkaa wake, kisha asubuhi moja akatokea Kizota anakokota baiskeli mbili, yake na nyingine mbovu aliyoitoa sijui wapi. Alipita meza yangu kama hanijui, akaenda moja kwa moja kwa Kefa, fundi wa kuchomelea. Niliwafuata na mwiko mkononi. Ludovick alikuwa anachora chini kwa kijiti. Kefa akatazama, akakuna kichwa, akasema, "Kaka, hapa unataka nikutengenezee treni."

Ikatoka kweli treni. Kefa alikata fremu ya moja akaichomelea kwenye nyingine, ikawa baiskeli moja ndefu yenye viti viwili na pedeli jozi mbili. Jozi ya mbele na ya nyuma aliziunganisha kwa cheni moja, kwa hiyo miguu ya mmoja ikizunguka, ya mwenzake lazima izunguke, apende asipende. Usukani na breki vilikuwa kwa Ludovick mbele. Nyuma Thobias alipewa nondo ya kushikilia, kengele, na kazi ya kukanyaga. Kwa kuwa katambuga zao zilikuwa zinateleza, Kefa akawakatia mipira ya tairi la ndani ya kufungia miguu kwenye pedeli.

Mkonze walicheka mpaka basi. "Jamani basi la Singida hilo, linaondoka saa ngapi?" "Konda, mbona hujanirudishia chenji?" Thobias akicheka nao. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tangu azaliwe. Jasho ni lake, mwendo ni wake, na hakuna mkono wa mtu begani. Jioni moja aliniambia, "Dada, mzee Nikolaus ataniona nakuja." Nami nikaacha kubisha, maana utambishiaje mtu aliyefurahi hivyo?

Sasa niwaeleze walivyokuwa wanaelewana, kwa sababu kila kitu kinakaa hapo. Lugha yetu ina milio ya ulimi ndani ya maneno. Mjini wanatutania eti Wasandawe tunaongea huku tunavunja mifupa. Ludovick, ili asipoteze pumzi kwa maneno, alichukua milio hiyo ikawa amri. Mlio mmoja, kuna shimo, inuka kwenye kiti. Miwili, kuna mchanga, kandamiza. Mlio wa shavuni, ule wa kumhimiza punda, maana yake nipe maji. Dumu la maji lilifungwa nyuma, ubavuni kwa Thobias, kwa sababu mikono ya wa mbele ilikuwa ya usukani. Na kama hakuna mlio wowote, basi barabara ni nzuri, twende. Kimya maana yake barabara nzuri. Walifanya mazoezi hadi Bahi na kurudi, hawakuanguka hata mara moja, wakajiona wameiva.

Mpango ulikuwa mzuri, sikatai. Ila ulikuwa mpango wa mtu anayejua kuomba maji.

Wakatuma ujumbe kwa mzee Nikolaus kwamba Jumamosi alasiri Thobias anakuja. Mzee akaita ukoo. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zimechelewa, ardhi imepasuka, mbuzi wanasimama kwenye kivuli cha nguzo za umeme. Debora alitangulia kwa basi akawasaidie kwao kupika. Ndugu zangu walitoka kabla hakujapambazuka, wakisema wataila lami yote ya Kondoa asubuhi, wapumzike jua likiwa kali, wamalizie njia ya vumbi likishapoa. Niliwafungia viazi na mayai. Ludovick nikamwambia, "Kaka, unywe maji." Akasema, "Sawa, mama." Ananiita mama akitaka ninyamaze.

Yaliyofuata niliyapata kwa Thobias mwenyewe, na mengine kwa mwanamke wa genge pale wanapoachia lami. Lami iliwachelewesha. Mpira wa nyuma ulipasuka mara mbili, na baiskeli yenye uzito wa watu wawili haizibwi kwa dakika moja. Walipofika pale gengeni jua lilikuwa utosini. Yule mwanamke aliwaambia wakae kivulini, jua la mwaka huu si la kupita nalo. Thobias alikubali. Ludovick akasema, "Wazee wamekaa wanatungoja. Tukichelewa, watasema alishindwa." Wakajaza dumu, wakashika njia ya vumbi.

Njia ile naijua. Miiba pande zote mbili, mti wa kivuli utautafuta, na mchanga mwekundu unaorudisha joto usoni kwako. Upepo ulikuwa umekufa. Mwanzoni, anasema Thobias, milio ilikuwa mingi, shimo, mchanga, mchanga, shimo, mpaka mapaja yanawaka moto. Mlio wa maji hakuusikia. Alipoona kiu yeye mwenyewe, alikunywa, akamgusa kaka yake mgongoni, akampitishia dumu. Ludovick akapiga funda moja akalirudisha. "Kunywa wewe, mimi niko sawa." Sauti ilikuwa imekauka, lakini sauti ya nani haikauki pale?

Baada ya hapo milio ikapungua. Thobias akashukuru kwamba sasa wamefika kwenye njia iliyochongwa. Aliwahi kunyoosha mkono akagusa shati la Ludovick mgongoni, asubuhi lilikuwa limelowa chapachapa, sasa likawa kavu. Akadhani limekaushwa na jua. Mtu mwenye macho angeona shingo, angeona kichwa kinaning'inia. Yeye alikuwa na miguu tu ya kumwambia habari za kaka yake, na miguu ya Ludovick ilikuwa inazunguka.

Kisha pedeli zikawa nzito. Thobias anasema alijua kwamba kaka amechoka. Na badala ya kuogopa, alifurahi. Alisema moyoni, huyu amenibeba tangu nikiwa mtoto, leo acha mimi nimbebe. Akakandamiza kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikaenda. Kimya, hakuna mlio, barabara nzuri, na yeye ndiye anayeendesha. Aliniambia hajawahi kuwa mwanamume kama alivyokuwa ndani ya kipande kile cha njia.

Na kumbe miguu ya kaka yetu ilikuwa inazungushwa na yeye. Cheni moja, na mipira ya kufungia. Ludovick alikuwa ameishiwa, akili imemtoka, ameegemea usukani, na mdogo wake nyuma anamsukuma kwa furaha kuingia zaidi ndani ya jua.

Baiskeli iliacha njia, ikaingia kwenye miiba, ikalala. Thobias alijinasua, akaita, "Kaka." Akaita tena. Akatambaa akimtafuta kwa mikono mpaka akamgusa. Mwili ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na mkavu. Midomo ilikuwa inatikisika lakini haitoi neno. Alipapasa mpaka akapata dumu, akamtilia maji mdomoni, maji yakamwagikia shingoni. Akammwagia kichwani. Kisha akasimama amwite mtu, na hapo ndipo alipojua kwamba hajui njia iko upande gani. Angeondoka, asingeweza kurudi alipo kaka yake. Basi akarudi kwenye baiskeli, akakaa chini, mkono mmoja kifuani kwa Ludovick, mwingine kwenye kengele, akapiga kengele. Aliipiga mpaka kidole gumba kikachubuka, akabadilisha kidole.

Aliyemsikia ni mtu mmoja anaitwa Mbwana, alikuwa anaswaga punda wake na mapipa ya maji kutoka kisimani. Anasema alidhani ni watu wa kuuza barafu wamepotea. Alipowakuta alimwaga pipa zima juu ya Ludovick, akavua kanzu yake akatengeneza kivuli, akapiga simu pikipiki ije. Mungu ambariki Mbwana, ukoo wetu wote hatuna cha kumlipa. Pikipiki ikampakia Ludovick katikati, Mbwana nyuma amemkumbatia, kuelekea zahanati. Hakufika. Thobias alibaki pale na punda.

Nilifika kesho yake. Nililia nikamaliza, kisha nikakasirika, na hasira zenyewe nilizielekeza kwa marehemu. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ulimi ulikuwa mdomoni mwake. Mlio mmoja wa shavuni, ambao hata mtoto wa kwetu anaupiga akiwa anacheza, ulimshinda nini? Nilimwambia hivyo hivyo akiwa amelala kwenye mkeka, wanawake wakanitoa nje.

Tulimzika Farkwa, karibu na wazazi. Mzee Nikolaus alikuja na ukoo wake wote, ule ule aliokuwa ameukusanya. Alipomaliza kutupa pole alisimama mbele ya watu, akavua kofia, akasema, "Nilimwambia kijana aje. Amekuja. Mtoto wangu nimempa." Najua alikuwa anaomba msamaha kwa namna yake, na machozi yalikuwa yanamtoka. Lakini mimi nilikuwa sijalala. Nikamwambia mbele za watu wote, "Amekuja, mzee wangu, tumeona. Na huyu tunayemzika je, tuseme amekuja au ameletwa?" Wajomba walinivuta gauni nikae chini, nikakaa.

Matanga yalipokwisha, Mbwana akaturudishia vitu: baiskeli, begi la nguo za posa, na lile dumu. Lilikuwa bado na maji, nusu na zaidi, hata baada ya yale yaliyomwagika. Nilitaka kulificha. Thobias alikuwa amekaa ukutani, akasema, "Usihangaike, dada. Najua yalikuwepo. Nilikuwa nayasikia yanacheza ubavuni kwangu njia nzima. Nikasema kaka angekuwa na kiu angeyaomba."

Kuoana walioana, bila ngoma, baada ya arobaini. Nyumba wakapanga pale pale Mkonze. Thobias amepata mji wake, kama Ludovick alivyotaka, na mke anayempenda, hilo nalishuhudia mimi. Nilidhani sasa tutapumzika.

Lakini Thobias hawezi tena kukaa na mtu aliyenyamaza. Debora akiwa anachambua maharage kimya, Thobias anauliza, "Debora, upo?" Yupo. Baada ya kitambo, "Debora, unajisikiaje?" Vizuri. Akiwa anafua, akiwa anasuka nywele, akiwa ameinama anasali, "Debora, mbona husemi?" Akilala mchana kidogo, mkono unakuja usoni kwake kupapasa midomo kama imekauka. Mwanzo Debora alicheka. Akajizoeza kuimba akifanya kazi, akajizoeza kusimulia kila anachofanya, sasa nakoleza moto, sasa natoka kuanika, kama mtangazaji wa mpira. Majirani wakasema mke wa Thobias ana kiwewe. Nikawajia juu, lakini ningewaeleza nini?

Juzi Debora alinifuata Kizota, saa ambayo mafundi wameshakula na mimi naosha sahani. Alikaa kwenye benchi. Akakaa tu. Nikamwacha, maana niliona anakunywa ule ukimya kama mtu aliyetoka shamba. Mwishowe akasema, "Wifi, simchukii. Msije mkasema namchukia. Nimechoka kuongea." Akaomba aende kwao apumzike, mwezi mmoja hivi. Nikamwambia nenda, mdogo wangu, nenda ukanyamaze.

Kwa hiyo sasa nikimaliza kupika nakuja kukaa hapa na Thobias mpaka alale. Mimi maneno sijawahi kupungukiwa, wote mnanijua. Namwambia bei ya nyanya, namwambia Kefa kagombana na nani, namwambia nani kapita na kavaa nini, huku yeye anasuka. Leo niliongea kuanzia alasiri. Ikafika mahali nikanyamaza, kidogo tu, nimeze mate. Akaacha kamba, akapapasa chini penye ndoo, akachota kikombe, akaninyooshea.

"Kunywa, dada."

"Sina kiu, Thobias."

"Kunywa tu."

Kikombe kilijaa pomoni, maji yanamwagikia kwenye kiti alichokuwa anakisuka. Nikakipokea nikanywa chote. Akasubiri asikie nimemeza, ndipo akashika tena kamba yake, na mimi nikaendelea.